Udongo Umefika Alama

Nchi ninayowasimulia si ya kwenu. Naomba hilo tulimalize mapema, maana watu wana tabia ya kusikiliza nusu ya habari halafu wanaanza kutazamana. Ni nchi ya zamani mno, ya wakati ambao watu walikuwa ndiyo kwanza wamejua kupanda mtama na kufua chuma, na nchi zenyewe zilikuwa hazijaanza kupewa majina. Sisi yetu tuliiita Hapa. Waliokaa ng'ambo ya milima tuliwaita Wale. Ilitosha kabisa.

Mimi nilikuwa Mkumbushi wa Baraza. Nasikia siku hizi mna vitu vya kuandikia. Sisi tulikuwa na mimi. Kila kilichoamuliwa barazani nilikishika kichwani, na nikiulizwa nilikitoa kama nilivyokipokea. Kazi yenyewe ilikuwa na sehemu mbili: kukumbuka ulichoagizwa ukumbuke, na kusahau ulichoagizwa usahau. Ya kwanza ni ngumu. Ya pili ndiyo inayokupandisha cheo. Mwalimu wangu, aliyekuwa hodari sana wa ile ya kwanza, alipelekwa Nchi ya Chumvi kuchunga mbuzi wa serikali, mahali ambapo hakuna wa kumkumbusha kitu isipokuwa hao mbuzi. Niliposhika nafasi yake nilijifunza haraka.

Sheria yetu kubwa ilikuwa moja, tuliyoachiwa na waasisi. Kila mwaka kabla ya mvua, Mpimaji Mkuu alipita kwenye mashamba na ufito wenye alama, akauchoma ardhini. Ukizama mpaka kwenye alama, mnalima. Ukigota mwamba kabla ya alama, shamba linalazwa misimu saba, pamoja na mlima wote ulio juu yake. Hakuna jembe, hakuna shoka, hakuna mbuzi, miti inaachwa iote inavyotaka. Na katika misimu hiyo saba Mkuu wa nchi anakula wanachokula watu. Hilo la mwisho waasisi walilitamka kwa sauti ya chini, lakini walilitamka.

Sasa, sheria ya waasisi haiguswi. Hata kuwaza kuigusa ni kosa. Ila waasisi, kwa zile haraka zao za kuasisi, walisema ufito upimwe kwa mwili wa Mkuu aliyepo, wasiseme kiungo gani. Mkuu wa kwanza alijipima kutoka kiunoni mpaka chini, kwa kuwa alikuwa mtu wa akili za kawaida. Mkuu wa pili, alipoona mashamba ya mlimani yameanza kugota, alijifungia na wataalamu siku tatu, akatoka ametambua kwamba nguvu zote za mwanadamu ziko gotini. Ufito ukakatwa wa goti. Wa tatu alikuwa na kifundo cha mguu kizuri sana, kila mtu alikiri hivyo, basi ukakatwa wa kifundo. Wa nne ndiye Mtukufu Masalu niliyemtumikia mimi. Siku ya kutawazwa kwake alinyoosha mkono wa kulia, akabananisha vidole vinne, akasema, "Upana huu."

Mashamba yote ya nchi, hata yaliyobaki kokoto tupu, yalifika alama siku ile ile.

*

Sijui watu walilalamikia nini. Kweli, mtama ulikuwa ukifika magotini unakata tamaa. Kweli, mvua ikipiga maji yaliteremka mekundu mazito kama uji wa ulezi, na mlimani yalifunguka makorongo ambayo ng'ombe akitumbukia mnamsikia tu, hamumwoni. Lakini serikali haikulala. Makorongo yalipewa jina, yakaitwa Njia za Maji za Mtukufu, na kila moja likawekewa mlinzi ili lisiibiwe. Ikaundwa pia Kamati ya Kufuatilia Udongo Unakokwenda. Wajumbe waliufuata udongo siku sita, wakarudi na viatu vimejaa matope na habari njema: udongo haujapotea, umehamia bondeni kwa hiari yake, na bondeni nako ni Hapa.

"Wananchi wa Hapa," Mtukufu Masalu alituambia siku ile, amesimama juu ya kichuguu kilichosawazishwa kwa ajili hiyo, "kuna watu wanapita wakinong'ona eti udongo umepungua. Napenda kuwahakikishia kwamba hatujawahi kuwa na upungufu wa udongo. Tulikuwa na changamoto ya urefu wa ufito, na changamoto hiyo serikali yenu sikivu imeishughulikia."

Nililishika lote, na pumzi alizovuta katikati.

Njaa ilipozidi, wataalamu wakagundua chanzo: hatuchimbi vya kutosha. Hapo ndipo ulipozaliwa mpango mkubwa wa Jembe kwa Kila Mkono. Na kwa kuwa mtu ana mikono miwili, kila raia akapewa majembe mawili ya chuma. Ikatoka amri kwamba kwenye mkutano wowote wa hadhara kila mtu asimame na jembe mkono huu na jembe mkono huu, ili Mtukufu akitazama aone mpango wake unapendwa. Amri ni amri. Ila jaribu kumfukuza nzi puani na jembe, utanielewa. Hata makofi yalikuwa hayapigiki tena, tukawa tunagonganisha majembe.

Chuma hakiyeyuki kwa hotuba. Kinataka tanuri, tanuri linataka makaa, makaa yanataka miti. Milima yetu ikanyolewa mmoja baada ya mwingine. Pale penye kisiki, mbuzi wa serikali walimalizia. Mwaka ule ninaowaambia kilikuwa kimebaki kichaka kimoja tu nchi nzima, na wakati huo kila mtu, mpaka vichanga mgongoni, alikwisha kupata majembe yake mawili. Nikadhani tumemaliza. Baraza likakumbuka watoto ambao hawajazaliwa. Nao wana mikono.

*

Kichaka hicho kilikuwa juu ya shamba la dada yangu Nyamizi.

Nyamizi ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, kwa hiyo hata nilipokuwa mtu mkubwa barazani aliendelea kunikagua masikio. Alikaa peke yake chini ya mlima, kwenye tembe alilojengewa na baba, nyumba ya paa bapa la magogo lililofunikwa kwa udongo. Magogo yale tuliyapandisha mimi na baba, moja moja, mabega yakachubuka. Juu ya tembe kuna shamba lake la mteremko, juu ya shamba kichaka, ndani ya kichaka chemchemi. Kila aliyekuwa bado anakunywa maji safi katika nchi ile aliyapata kwa dada.

Baraza lilinituma nimjulishe kwamba Siku ya Kupima ikipita, kichaka kitakatwa. Nilimkuta anabeba udongo kwa kikapu kutoka chini ya shamba akiurudisha juu. Kila baada ya mvua alifanya hivyo. Mlima unateremsha, yeye anapandisha.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekuja kama nani, kama Luhende au kama Baraza?"

"Kama Baraza kidogo."

"Basi Baraza lishike kikapu."

Nikakishika. Tulipanda na kushuka mara tano ndipo nikapata ujasiri wa kumweleza. Alitua mzigo, akautazama mteremko wote mpaka kwenye miti.

"Ile miti ndiyo inaushika mlima huu, mdogo wangu. Ikiondoka, mlima utakuja nyumbani kwangu, na hodi hautapiga."

"Wataalamu wanasema mlima ni kitu kizito, hauwezi kwenda popote."

"Wataalamu wanalala wapi?"

"Ng'ambo ya mto."

"Ndiyo maana."

Akaingia ndani, akapapasa kwenye magogo ya paa, akatoka na kitu ambacho nilikuwa nimeagizwa nikisahau tangu siku yangu ya kwanza kazini. Ulikuwa ufito wa mpingo, mweusi, umeng'arishwa na viganja vya watu. Baba yetu alikuwa Mpimaji wa Mkuu wa kwanza. Ufito wa goti ulipoingia aliamriwa auchome moto ule wa zamani mbele ya mashahidi. Akachoma fimbo yake ya kutembelea, nayo ilikuwa ya mpingo vilevile, kisha akachechemea bila fimbo maisha yake yote yaliyobaki. Mimi nilidhani ni uzee.

Dada aliusimamisha ufito kando yangu. Alama ilinifika kiunoni. Halafu akauchoma kwenye shamba lake, lile analolirudishia udongo kila mvua, shamba bora kuliko yote yaliyobaki. Ukagota mwamba haujafika hata nusu. Alama ikabaki huko juu inatutazama.

"Nataka shamba langu lilazwe," akasema. "Mimi mwenyewe naomba. Nitakula mizizi misimu saba, sijafa kwa mizizi mpaka leo. Lakini likilazwa shamba, kwa sheria unalazwa na mlima, na miti haiguswi. Siku ya Kupima nitakuja na huu. Watakugeukia wewe, watakuuliza ufito wa waasisi ulikuwa wa kiungo gani. Wewe sema tu."

"Dada, unajua wanavyowafanya Wakumbushi."

"Najua. Na wewe unajua mlima utakavyonifanya mimi."

Nikamwambia nitasema. Nawaapia sikuwa namdanganya. Nilirudi njia nzima nikirudia kimoyomoyo, kiuno, kiuno, kama mtoto aliyetumwa kwa jirani anayeogopa kusahau.

*

Siku ya Kupima ilifanyika kwa kufuata ratiba. Wakachinjwa mbuzi kumi, wakasifiwa waasisi, akasifiwa Mtukufu, wakasifiwa waliomsifu. Bwana Ngasa, Mpimaji Mkuu, mtu mnene mwenye sauti nyororo, alitoa ufito wa serikali kwenye kikasha cha ngozi, akauchoma ardhini kwa vidole viwili kama mtu anayechomeka sindano.

"Umefika," akatangaza.

Tukagonganisha majembe.

Dada akatokea katikati ya kelele zile, ufito begani, hana jembe mkono huu wala mkono huu. Watu wakampisha.

"Mama, majembe yako yako wapi?" Ngasa akamuuliza.

"Nyumbani. Nimekuja na kitu kirefu zaidi."

Akaeleza haja yake kwa adabu zote. Alipiga goti, akamtaja Mtukufu kwa majina yake yote saba, akaomba shamba lake lipimwe kwa ufito wa waasisi na lilazwe kwa sheria ya waasisi. Kisha akauchoma ufito pale pale uwanjani, mbele ya kila mtu. Ukagota umeingia kiasi cha muundi tu. Nikaona macho ya watu yanapima, kila mmoja anatazama ile alama na anatazama kiuno chake mwenyewe. Wazee walikuwa wanaukumbuka. Nao walikuwa wameagizwa wausahau, ila hawakuwa wenye kazi hiyo kama mimi, kwa hiyo hawakuwa wameifanya vizuri.

Mtukufu Masalu hakukasirika. Alikuwa haoneshi hasira mbele ya watu. Aliniita kwa upole.

"Mkumbushi wangu. Kabla ya yote, hebu nikumbushe, hali ya hewa ya Nchi ya Chumvi ikoje miezi hii?"

"Ni joto, Mtukufu. Upepo mwingi. Maji hakuna."

"Pole zao. Haya, sasa tusaidie. Ufito wa waasisi ulikuwa wa kiungo gani?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Nililisikia linavyonigusa meno. Nikamtazama dada, na dada akanitikisia kichwa kidogo, vile alivyokuwa akifanya zamani nikiogopa kuvuka mto. Nikamtazama Mtukufu. Nikawaza kigoda changu, sahani yangu ya nyama, na mwalimu wangu anayewasimulia mbuzi.

"Vidole vinne, Mtukufu," nikasema. "Vimekuwa vidole vinne tangu mwanzo."

Majembe yakalia. Dada aliendelea kunitazama mpaka yaliponyamaza. Hakunitukana, na nilitamani anitukane. Alisema tu, "Haya, mdogo wangu. Nimesikia," kama mtu anayeagizwa salamu.

Alitiwa hatiani kwa kumiliki ufito uliopitwa na wakati, na kwa kuhudhuria mkutano mikono mitupu. Hukumu ilikuwa ya huruma. Asitoke ndani ya tembe lake mpaka mvua ziishe, na mlango uzibwe kwa gogo kutoka nje, kwa usalama wake mwenyewe. Chakula angepitishiwa dirishani. Ufito ukapelekwa ghalani. Mimi nikapewa kigoda kipya chenye migongo miwili, ambacho hakuna aliyejua unakikaliaje, nikakikalia.

*

Kichaka kilikatwa siku nne. Nilikwenda mara moja, jioni jua likiwa bado liko juu ya mabega ya mlima, nikasimama nje ya ule mlango uliozibwa.

"Ni wewe?" akauliza kutoka ndani. Alinijua kwa kikohozi.

"Ni mimi."

"Wamekata na mkuyu wa chemchemi?"

"Wameukata."

"Mbuzi wamepanda?"

"Wamepanda leo asubuhi."

"Umekula?"

Mtu aliyefungiwa na ulimi wangu ananiuliza kama nimekula. Nikamwambia nitamtoa, naye akaniambia nisikawie, maana ukuta wa nyuma umeanza kutoa jasho.

Nikaenda kwa Bwana Ngasa. Akanipokea vizuri sana, akanipa togwa. Akanieleza kwamba gogo la mlango haliondolewi na mtu yeyote isipokuwa yule yule aliyeliweka, huo ndio utaratibu, vinginevyo nchi itajaa watu wanaofunguafungua. Nikauliza aliyeliweka ni nani. Akasema ni kijana mchapakazi, na kwa uchapakazi huo amepandishwa cheo, amehamishiwa mpakani kwa Wale. Wamekwisha kumtumia mjumbe. Mjumbe akifika, na yeye akikubali, na nafasi yake ikipata wa kuishika, atakuja. Mchakato unaendelea.

"Mvua je?" nikauliza.

"Mvua haiko kwenye mamlaka yangu," akasema, akaniongezea togwa.

Ningeweza kulisukuma lile gogo mwenyewe. Nimelifikiria jambo hilo kuliko jambo jingine lolote maishani. Lilikuwa gogo la kawaida, la watu wawili, au la mtu mmoja mwenye hasira.

*

Mvua ilianza siku ya kwanza, ikaendelea siku ya pili. Siku ya tatu mchana tulikuwa barazani tunajadili ukame, ambao ulikuwa umewekwa kwenye ratiba tangu kiangazi na hauwezi kuondolewa hivi hivi. Bwana Ngasa alikuwa amesimama anachangia. Tukasikia mngurumo ambao haukutoka juu. Ardhi ikatikisika, kikombe cha Mtukufu kikadondoka, Ngasa akasubiri kitulie kisha akaendelea na hoja yake.

Nilitoka mbio. Nilipofika mto nikaona ng'ambo mlima umebaki mwamba mtupu, mweupe, umepauka. Ngozi yake yote ilikuwa imeteremka. Pale palipokuwa na shamba, na mfereji wa chemchemi, na tembe la dada, palikuwa na uwanda mmoja mwekundu, laini, unaofuka mvuke. Palikuwa tambarare kiasi kwamba mtu asiyejua angesema pazuri. Daraja lilikuwa limekwenda na maji. Nililia pale ukingoni mpaka asubuhi, maji yalipopungua.

Asubuhi hiyo Mtukufu Masalu alivuka kwa machela, na nyuma yake nchi nzima, majembe mikononi kama ilivyoamriwa. Nikajua wamekuja kuchimba. Nikasema moyoni, kumbe tuna serikali.

Bwana Ngasa akatangulia, akafungua kikasha, akachoma ufito wa serikali kwenye matope. Ukazama wote. Vidole vikazama, kiganja kikazama, mkono ukazama mpaka kiwiko, akauvuta bila ufito. Akasimama ameduwaa, mkono umevaa matope. Mtukufu akateremka kwenye machela mwenyewe bila kushikwa. Machozi yalimlengalenga.

"Umerudi," akasema. "Wananchi, udongo umerudi."

Ufito wa serikali ulikuwa umepotea, na hata ungekuwepo usingefaa kuonesha neema ya ukubwa ule. Ukatakiwa ufito mrefu. Nchi nzima ilikuwa nao mmoja. Ukaletwa kutoka ghalani ufito wa baba, ukafutwa vumbi, na njiani kutoka ghalani mpaka pale ukaacha kuwa kifaa cha uchochezi, ukawa Ufito Mtakatifu wa Waasisi. Nikaagizwa nikumbuke kwamba umekuwa hivyo siku zote.

"Mtukufu," nikasema, "naomba niupime mimi. Nitakuonesha penye kina."

Akafurahi kuona nimechangamka. Nilikuwa natafuta nyumba. Nilijipanga na jiwe kubwa la ng'ambo na kilele cha mlima kule juu, nikahesabu hatua kama nilivyozihesabu utotoni, nikachoma. Ufito ukapita wote mpaka kwenye vidole vyangu. Nikauchomoa, nikasogea hatua tatu. Ukapita. Watu wakashangilia kila ukipita. Nikasogea tena, nikachoma, ukateremka, ukateremka, ukagota. Alama ilikuwa imegusa matope sawasawa.

"Umefika!" Ngasa akapaza sauti. "Umegota mwamba kwenye alama ya waasisi!"

Haukuwa mwamba. Jiwe huujibu ufito kwa sauti kavu, na huu uliitika kama mlango. Ulikuwa umekaa juu ya gogo, na gogo lile niliwahi kulibeba begani.

Halafu ufito ukanitikisika mkononi. Mara moja, kisha mara mbili za haraka. Sikuusikia kwa masikio, niliusikia kwa viganja. Mtu alikuwa anaugonga kutoka chini.

"Mtukufu," nikasema, "kuna mtu chini. Dada yangu yuko chini na ni mzima. Shika mwenyewe ufito, anagonga."

Mtukufu Masalu akaushika. Nawaambia kweli aliusikia, maana uso ulimbadilika, kwa muda mfupi akawa na uso wa mtu. Akawatazama watu wake, watu wengi kuliko aliowahi kuwaona wakifurahi. Akauachia ufito taratibu.

"Waasisi wanaitikia," akatangaza.

Majembe yakagonganishwa kwa nguvu ambayo sijaisikia tena. Watu elfu mbili walisimama pale, na majembe elfu nne, majembe mazuri ya chuma, makali, yaliyofuliwa kwa miti ya mlima ule ule. Chini yao kiasi cha kiuno cha mtu palikuwa na matope laini ambayo mtu angeyachimba kwa kikapu. Mtukufu akatoa amri pale pale kwamba uwanda huo ni hifadhi ya taifa, usiguswe na jembe, kwa sababu ukichimbwa kina kitapungua na alama haitafika.

Nilichimba. Nilitupa jembe moja, nikashika moja kwa mikono miwili, nikachimba mapigo manne kabla walinzi hawajanikamata. Niliwaita watu kwa majina, na mimi najua majina ya watu wote wa nchi ile, ndiyo ilikuwa kazi yangu. Niliwaambia ni Nyamizi, mliokunywa maji yake ni nyinyi. Mwanamke mmoja wa mbele alishusha jembe lake likagusa ardhi. Mlinzi akamtazama, akalipandisha tena.

Wakati wananiburuta niliuona ufito umesimama pale peke yake, na ulikuwa bado unatikisika. Waliokuwa karibu wanasema uliendelea mpaka siku ya pili.

*

Barazani ikasemwa kwamba Mkumbushi amechoka, apumzishwe. Nikapumzishwa Nchi ya Chumvi. Mwalimu wangu alikwisha kufariki, niliwakuta mbuzi wake, na walikuwa wamemsikiliza vizuri kuliko mimi.

Nchi yenyewe haikukaa sana. Uwanda ule mzuri haukulimwa kwa sababu ni hifadhi, na milimani palikuwa hapana cha kulima. Watu walipita huku kwangu wakielekea kwa Wale, wana majembe mawili mawili, wakiyatua kidogo kidogo njiani. Wa mwisho kupita alikuwa Bwana Ngasa, amekonda, akaniomba maji. Nilimpa. Nilimuuliza mjumbe aliyetumwa mpakani alirudi au hakurudi, akasema bado.

Sasa nasikia siku hizi kuna watu wenu wanaochimba ardhi kwa vijiko na brashi wanatafuta habari zetu. Wakifika mahali wanakuta tabaka jeusi la makaa, na juu yake tabaka nene jekundu, wanapima unene, wanaandika. Ni vizuri. Lakini mkikuta ufito wa mpingo umesimama wima ndani ya lile tabaka jekundu, msiishie kuupima. Ufuateni chini. Mkigusa magogo, chimbeni polepole kwa mikono, hapo ni kwa mtu, na mlango wake umezibwa kutoka nje. Anaitwa Nyamizi.

Na ule ufito niliulizwa mbele ya watu ulikuwa wa kiungo gani, sikujibu kweli. Kiuno. Ulikuwa wa kiuno.